Mtoto Asiyekohoa

Kipupwe cha mwaka ule kiliingia Lushoto kwa hasira. Asubuhi ukungu uliteremka kutoka msitu wa Magamba ukaufunika mji kama mfuniko wa chungu, na chini yake ukanaswa moshi wote: wa majiko ya mkaa, wa takataka zinazochomwa nyuma ya soko, wa malori ya kabichi yanayonguruma kupanda kilima. Watoto wakakohoa. Hilo halikumshangaza mtu, maana kila baridi ikija wodi ya watoto hujaa.

Kilichomsimamisha Sajini Yusta Shemhilu kwenye mlango wa wodi ile, kofia mkononi, kilikuwa kingine. Watoto walioletwa wakiwa na hali mbaya kuliko wote walikuwa wakishinda nyumba moja, kwa mlezi mmoja.

"Kikohozi cha mji nakijua," alisema Daktari Hezekia huku akivua glavu. "Mtoto anakohoa, makamasi yanamtoka, unampa dawa, anarudi kwa mama yake. Hawa wamekuja macho mekundu, midomo imechubuka, wanatapika, kifua kinapiga mluzi. Sharifa ndiye mdogo wao, ndiye yuko kwenye oksijeni."

"Atapona?"

"Nitafutie alichovuta, nami nitakujibu. Mpaka sasa natibu kwa kubahatisha."

Nje ya mlango, Aisha, mama yake Sharifa, alimdaka Yusta mkono. Khanga ilikuwa imemteleza begani na hakuwa na habari nayo.

"Afande, mnamngojea nini yule mwanamke? Mwanaidi hajazaa maisha yake yote. Ana kijicho na sisi tuliozaa! Kawalisha wanetu kitu."

"Pole, mama Sharifa. Mwanaidi hatoki nyumbani kwake, askari yuko mlangoni."

"Nyumbani kwake! Mwanangu kwenye mipira, yeye kwenye kochi!"

Mkuu wake ofisini alikuwa ameshasema na kusema kwake kulikuwa mara moja tu: kesho ikifika adhuhuri bila jina jingine, Mwanaidi anapelekwa mahakamani kwa kuwadhuru watoto.

*

Nyumba ya Mwanaidi ilikuwa juu ya soko, mtaa wa mawe na migomba, na mlangoni pake alisimama Koplo Aron akijipulizia viganja. Mwanaidi mwenyewe alikuwa mjane wa makamo, mnene wa mikono, aliyezoea kubeba watoto wazito kuliko wanavyoonekana.

"Karibu mwanangu. Onga makeo," alimwamkia kwa Kishambaa, kisha akakumbuka mgeni wake ni nani, akajikunyata. "Karibu Afande."

"Shikamoo mama. Niite mwanangu tu, hainiumizi."

"Marahaba." Machozi yakamlengalenga. "Sikuwalisha kitu. Uji wa mtama, ndizi ya kuponda, basi. Na mimi nakula sufuria hiyohiyo."

"Na wewe unakohoa?"

Mwanaidi alifungua mdomo ajibu, kikohozi kikamjibia. Alikohoa hadi akashika ukuta.

Yusta akamtazama Aron. Mtu aliyetega sumu haivuti mwenyewe, macho yake yalisema. Aron akainua mabega: wapo wajinga pia.

Nyuma ya nyumba, kwenye ua, watoto watatu wa jirani walikuwa wakipika udongo kwenye vifuniko vya chupa. Hao nao walishinda kwa Mwanaidi, ila walikuwa wakubwa kidogo, wa kukimbia nje mchana kutwa. Kikohozi chao kilikuwa chepesi. Mkubwa wao aliitwa Janeth, mwenye pengo la meno mawili ya mbele. Aron alikuwa ameshajaribu kuwahoji akaambulia kuonyeshwa mkate wa tope.

Yusta alichuchumaa. "Kitendawili!"

Wakaacha udongo wote. "Tega!"

"Mgeni wangu kaingia hakubisha hodi, katoka watu wote wanalia."

Wakatazamana. "Polisi!" akasema mmoja, na Aron akacheka hadi akageuka ukutani.

"Karibu na polisi. Bado."

"Moshi!" Janeth akapiga makofi. "Na mimi nina changu. Kitendawili!"

"Tega."

"Bibi yangu ana ulimi wa majani."

Yusta akafikiri. Mgomba? Sukumawiki? Mbuzi? Kila alichotaja Janeth alitikisa kichwa, pengo likichungulia kwa furaha.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji!"

"Haya, nakupa Tanga."

"Sitaki Tanga, kuna joto. Nipe Bumbuli, kwa shangazi."

"Chukua Bumbuli, na mashamba yake yote ya chai."

Janeth akajiweka sawa, kama mama mwenye nyumba nyingi. "Nilikwenda Bumbuli, nikapokelewa vizuri, nikapewa chai ya maziwa. Jibu ni jiko la Bibi Naidi. Moto wake ulikuwa kijani."

Aron akaacha kucheka.

"Kijani vipi, mama?" Yusta alimuuliza.

"Kijani hivi." Janeth akavuta jani la mgomba. "Siku ile aliyotapika Sharifa. Nilimwambia Bibi, akasema tuondoke tusije tukaungua."

Jiko lenyewe lilikuwa chumbani walikolala wachanga, lile jiko la maranda linalojulikana milimani kote: kopo kubwa la bati, unashindilia maranda ya mbao kuzunguka chupa, unachomoa chupa, unawasha kwa chini, linatoa joto tangu chai ya asubuhi hadi jioni kwa moshi haba. Kando yake zilitandikwa jamvi na blanketi. Dirisha lilikuwa limefungwa na kuzibwa matambara kwa ajili ya baridi. Waliolala pale ndio walioko hospitali. Yusta alikwangua majivu akayatia kwenye mfuko wa plastiki.

"Maranda unanunua wapi?"

"Sinunui. Fundi Zuberi, seremala wa kule chini barabarani, huniletea gunia bure. Alifanya kazi na marehemu mume wangu. Huja na mkokoteni, limefungwa mdomo."

"Gunia la mwisho lilikuja lini?"

"Jumatatu. Nililimaliza lote, baridi ilikuwa kali."

"Na wagonjwa?"

"Jumanne wakaanza." Mwanaidi akafuta pua kwa ncha ya khanga. "Wadogo wote. Isipokuwa Sele."

Yusta, aliyekuwa akifunga mfuko, akasimamisha mkono. "Sele ni nani?"

"Selemani, mtoto wa Rehema. Ana miaka miwili na nusu. Bibi yake alimfuata, mama wa Rehema. Akasema anamwona ana mafua, atakaa naye wiki."

"Alimfuata siku gani?"

Mwanaidi akahesabu kwa vidole. "Jumatatu hiyohiyo. Aliondoka naye juu ya mkokoteni ulioleta gunia. Sele alikuwa akicheka, anafikiri ni gari."

"Na bibi huyo anaitwa nani?"

"Shamsa. Mke wa Fundi Zuberi."

*

Aron hakumtaka Shamsa. Aron alimtaka Mika, na alikuwa na sababu.

"Moto wa kijani ni shaba, Sajini," alisema wakiteremka. "Na nani anachoma shaba mji huu? Mika fundi magari, anachoma nyaya kupata ya kuuza. Mtaa mzima wamemlalamikia."

Kweli Mika alikuwa amesimama nyuma ya gereji kando ya duara jeusi la masizi, na harufu ya mpira ulioungua ilikuwa inakata koo. Alipowaona alifuta mikono kwenye ovaroli ingawa haikutakata.

"Nachoma, sikatai," alisema. "Niandikieni faini. Lakini watoto wa Mwanaidi? Hapana, dada yangu. Kwanza tazama tulipo."

Yusta alitazama. Gereji ilikuwa bondeni, nyumba ya Mwanaidi juu yao.

"Asubuhi hewa ya hapa huteremka. Moshi wangu unakwenda chini, kwa wauza mapeasi, ndio wanaonitukana. Pili, mimi naishi hapa juu ya gereji na wanangu. Nenda kawaone. Wanakohoa, watoto wa mjini wote wanakohoa, lakini wanacheza mpira."

"Kinyongo, je?" Aron akachomeka. "Mwanaidi alikushtaki kwa mwenyekiti."

"Alinishtaki. Kisha akaniletea uji mke wangu alipojifungua. Mwekee kinyongo mtu wa namna hiyo, uone unavyojisumbua."

Yusta alikuwa ameshapata alichotaka, wala hakikuwa maneno ya Mika. Mtoto Janeth aliuona moto wa kijani ndani ya kopo la jiko, chumbani. Nyaya za Mika zisingeweza kuingia kwenye kopo lile bila Mwanaidi kuziona. Kilichobadilisha rangi ya moto kilikuja kikiwa unga, kimechanganyika na maranda, gunia limefungwa mdomo.

"Faini yako iko palepale," alimwambia Mika.

"Nilijua tu."

*

Karakana ya Zuberi ilikuwa ya mabati, imejaa kenchi za kupaulia zilizoegeshwa. Nje yalikuwepo malundo mawili ya maranda. La kwanza lilikuwa la rangi ya uji, linanukia mvinje. La pili lilikuwa pembeni, limefunikwa turubai na mawe juu. Yusta aliinua turubai. Maranda yalikuwa na ukijani, kama mkate ulioanza kuota ukungu.

"Usiguse hayo, Afande!" Zuberi alikuja mbio, mzee mwembamba mwenye kalamu sikioni. "Ni ya mbao za dawa. Zinatiwa dawa ya shaba zisiliwe na mchwa. Waliotuuzia walituonya: usipikie, usiotee moto. Nayafukia mwisho wa mwezi."

Yusta alifungua mfuko wake, akaweka majivu ya Mwanaidi juu ya kiganja kando ya lundo; yalikuwa na ukijani uleule. Zuberi alitazama, na kalamu ikamwanguka sikioni.

"Si mimi," alisema polepole. "Mungu wangu. Sharifa yule mdogo... si mimi."

Yusta alishampigia daktari simu kabla mzee hajamaliza kuapa. Alimweleza: mbao za dawa, zimechomwa chumba kimefungwa. Upande wa pili Daktari Hezekia alipumua kwa nguvu, akasema, "Sasa najua nashindana na nani," akakata.

"Nani hujaza gunia la Mwanaidi?"

"Vijana. Mimi. Mke wangu, akiwa amepita." Zuberi akajishika kichwa. "Wote tunajua lundo hili si la kugusa. Hakuna aliyekosea hapa kwa kutojua."

Shamsa alitokea wakati huo na sinia la chai, mrefu, amenyooka, hijabu imebanwa kwa pini ya dhahabu. Yusta alimwamkia, naye aliitikia kama inavyopasa, akaweka kikombe cha kila mtu mahali pake.

"Nasikia mjukuu wako hakuugua, mama," Yusta alisema. "Bahati."

"Bahati gani? Nilimwona ana mafua, nikamchukua. Bibi hajui mjukuu wake?"

"Jumatatu."

"Siku yoyote. Ni damu yangu."

"Mwanaidi anasema Sele humpenda yeye sana."

Kikombe alichokuwa anamwaga Shamsa kilijaa, chai ikafurika kwenye kisahani, naye akaendelea kumwaga kitambo.

"Mwanaidi ana maneno mazuri," alisema. "Hajui uchungu wa mimba hata ya wiki moja, leo watoto wa mji mzima wanamwita bibi. Mimi nimezaa sita. Nimemlea Rehema mgongoni hapa hapa, kati ya misumeno. Akajifungua, nikasema, haya, mjukuu atakaa na bibi yake. Akaniambia, mama, huku kuna vumbi la mbao, nampeleka kwa Bibi Naidi. *Bibi* Naidi!" Alicheka kidogo. "Mtoto akija kwangu anauliza saa ngapi anarudi. Nampikia maandazi, anamwekea yule moja mfukoni. Nimwonee wivu yule, mimi? Kwa lipi? Nani mwenye wajukuu hapa?"

Hakuna aliyemtajia wivu. Zuberi aliinamisha uso.

"Uliweka maranda haya kwenye gunia lake?"

"Vijana hujaza. Waulize vijana."

Yusta alijua anaongea na nani. Alijua vilevile kwamba hakuwa na kitu. Bibi kumchukua mjukuu mwenye mafua si kosa kwa sheria yoyote, gunia limeshachomwa, na mikono iliyoweza kulijaza ilikuwa mingi. Akimkamata Shamsa leo, kesho wakili atauliza umeona nini, naye atajibu: nimeona chai imemwagika. Alihitaji kumwona Shamsa akijionyesha kwamba anajua kilichokuwamo guniani.

Alikunywa chai yake yote, akashukuru, akamgeukia Aron na kusema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeaga:

"Basi hapa tumemaliza. Mwambie Mwanaidi afungue kesho asubuhi, wazazi wamechoka kukaa na watoto. Si alisema nusu ya gunia lile la Jumatatu imebaki stoo? Awashe jiko, baridi itawaua watoto bure. Na Rehema kasema naye atamrudisha Sele kesho hukohuko."

Aron, Mungu ambariki, alikuwa mwepesi siku hiyo. "Sawa Sajini. Nitampitia."

Shamsa alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia. Havikulia hata kimoja.

*

Rehema aliuza vitambaa dukani karibu na kituo cha mabasi. Alipoelezwa alikaa juu ya robota la mashuka.

"Mama yangu hawezi," alisema.

"Basi hutapoteza kitu kwa kumleta Sele. Jiko halitawashwa chumbani. Maranda ya dawa hayatakuwepo. Nakuapia."

"Na akija?"

"Akija tutaona anakuja kufanya nini."

Rehema alilia, akafuta uso kwa kitambaa cha dukani, akakubali kumchukua Sele alfajiri, mama yake akiswali.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Mwanaidi alikaa na watoto sebuleni, milango wazi, amewavika sweta mbilimbili. Mama zao waliokuwa wamekubali kusaidia walijibanza kwa jirani. Uani, nyuma ya ukuta, Aron alikuwa amewasha majani mabichi ya mgomba ndani ya kopo, na moshi mweupe ukapanda juu ya paa ukaonekana hadi barabarani. Yusta alisimama nyuma ya mlango wa stoo.

Walingoja. Sele alikuwa mapajani mwa Mwanaidi, anamchezea hereni. Janeth alitega kitendawili, akajitegulia mwenyewe, akajipa Arusha.

Kisha mlango wa mbele ukagonga ukuta.

Shamsa aliingia bila hodi. Hijabu ilikuwa imekaa upande, pini haipo, kandambili moja imebaki njiani. Hakumtazama Mwanaidi. Alivuka jamvi, akamruka mtoto wa kwanza, akamsukuma wa pili kwa goti, akampora Sele mapajani, akamfunika uso kwa khanga, pua na mdomo, vizuri, kama mtu anayejua anachokificha kinaingilia wapi. Akageuka kutoka.

Yusta alikuwa ameshatoka stoo, amesimama kizingitini.

"Shikamoo mama."

Shamsa alisimama. Kwa mazoea ya maisha yote midomo yake ilianza kusema marahaba, ikakwama.

"Nipishe. Mtoto ana kifua."

"Humu hamna moshi, mama. Moshi uko nje, ni wa majani ya mgomba. Unamfunika pua kwa ajili ya nini?"

Shamsa akaibana khanga zaidi.

"Na hawa?" Yusta alionyesha sebule. Watoto walikuwa wamekaa midomo wazi, yule aliyesukumwa ameanza kulia. "Kama unaamini humu kuna kitu cha kumtoa Sele mbio, kiatu kimoja, mbona hawa umewaruka?"

Mlangoni, Rehema alikuwa ameshatoka kwa jirani. Alikuwa ameona yote. Alisema neno moja, "Mama," na Shamsa akasikia lilivyosemwa, akakaa kizingitini, mtoto bado kifuani.

"Nilitaka wakohoe kidogo tu," alisema. "Niliwahi kupikia maharage kwa yale maranda. Yaliniwasha macho siku nzima, basi. Nikasema, wakikohoa, wazazi watamwondolea watoto. Nyumba itakuwa tupu kama ilivyokuwa. Na wewe utamleta wako kwangu. Nilimtaka mjukuu wangu tu, Rehema. Sikutaka mtoto wa mtu afe."

"Ulilijaza gunia kwa mkono wako?" Yusta aliuliza, wazi, Aron asikie.

"Kwa mkono wangu. Nikaweka mazuri juu."

Aron alikuja na pingu, akasita, akamtazama sajini wake. Yusta akatikisa kichwa: haihitajiki. Aliinama kumpokea mtoto.

Sele alikuwa amejitoa kwenye khanga. Nywele zimesimama, uso una jasho. Alimtazama mama yake, akaitazama ile kofia ya polisi, kisha akanyoosha mikono yote miwili kuelekea jamvini, anafinyafinya vidole vya kuita.

"Bibi," akalia. "Bibi."

Shamsa alimkumbatia zaidi. "Nipo, mjukuu wangu. Nipo hapa."

Mtoto akampiga teke la tumbo, akajipinda kama samaki, macho hayatoki kwa Mwanaidi. Na Mwanaidi, aliyekuwa na kila sababu ya kukaa alipo, alikuwa ameshasimama.

"Mpe mama yake," Shamsa alimwambia Yusta haraka, kwa sauti ya chini, akimshika mkono wa sare. "Afande, nakuomba. Nipeleke popote. Lakini usimpe yule. Mpe mama yake."